Picha ya Mtu Asiyekuwa na Picha

Karanga zilikuwa zimeungua kidogo. Karatasi waliyonifungia ndiyo iliyonisimamisha katikati ya njia pale Mudzipela, mtaa wa Bunia, mpaka mwendesha pikipiki mmoja akanitukana mimi na ukoo wangu. Ilikuwa ukurasa uliochanwa kitabuni. Upande mmoja ulikuwa na maneno ya Kifaransa, na upande wa pili picha nyeusi tupu. Ndani ya ule weusi vilielea vivuli vyeupe vya kitana, ufunguo na mkono wa mtu usio na mwili. Sikuona ukuta, wala mtu, wala jua limetokea wapi. Nilimaliza karanga nikiwa bado naitazama, kisha nikarudi kwa mama aliyeniuzia.

"Mama, kitabu ya hii karatasi iko wapi?"

"Karanga iko mubaya?"

"Karanga iko muzuri. Natafuta kitabu."

Akawageukia wenzake waliopanga nyanya. "Muangalie huyu! Batu banakula karanga, yeye anakula karatasi."

Walicheka wote, na mimi nikacheka, lakini sikuondoka. Mwishowe alikubali kunipa kilichobaki ikiwa ningemletea magazeti ya kale ya uzito uleule. Nilizunguka mji siku mbili nikiomba magazeti. Nilipoyaleta, kitabu kilikuwa kimepungua tena. Jalada halikuwepo, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na wateja. Kwa hiyo mpaka leo sijui kitabu kile kiliitwaje wala nani alikiandika.

Shule niliiacha kabla ya kumaliza darasa la tano. Kifaransa changu nilikiokota barabarani, kwenye malori, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa mabosi waliokuwa wakinifokea, na katika redio. Nimefanya kazi nyingi na hakuna hata moja iliyodumu miaka miwili, kwa sababu kila mara kulikuwa na kitu kingine nilichotaka kukiona. Kitabu kile nilikisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, nikiruka neno nisilolijua na kutua kwenye lile ninalolijua. Nikifika mwisho, ninaanza tena.

Kilieleza habari za watu wa Ulaya, miaka ya katikati ya vita vyao viwili vikubwa. Wengine walikuwa wametoka vitani wakiwa vijana. Walirudi wakakuta picha za studio zikiendelea kama kawaida, bwana amekaa, bibi amesimama, ua mezani, na wakaona kwamba picha zile zinadanganya. Basi wakaanza kuiharibu picha kwa makusudi. Mmoja aliiweka kamera pembeni, akalaza vitu vya nyumbani juu ya karatasi ya picha, akawasha taa. Mwingine aliwashiwa taa kwa bahati mbaya akiwa bado anasafisha picha gizani, na mwili wa yule aliyepigwa ukazungukwa na mstari mweusi kama uliochorwa kwa mkaa. Badala ya kuitupa, aliirudia ajali hiyo mara nyingi mpaka akaijua. Wengine walikata nyuso kwa makasi na kuziunga na samaki, saa, viatu. Waliandika ndoto zao asubuhi na kuzipiga picha mchana.

Nilizionyesha kurasa hizo kwa mama mmoja tuliyekuwa tunakaa naye parseli moja, yaani kiwanja kimoja, yeye chumba cha mbele na mimi cha nyuma. Alikuwa mjane, mkulima wa upande wa Bule, aliyekimbia vita na kufika Bunia bila kitu. Alikuwa akiuza maharagwe ya kupikwa mlangoni, na alikuwa mtu wa kuuliza.

"Hii balifanya wakati gani?"

"Katikati ya vita mbili, mama."

"Vita mbili gani? Siye hapa tunaweza kukutajia nane."

"Mbili za Wazungu."

"Mbili tu." Aligeuza ukurasa. "Na katikati balipata nafasi ya kukata makaratasi. Balikuwa na bahati."

Mumewe alikuwa amekufa kwa homa katika kambi ya waliokimbia, karibu mwaka mmoja kabla ya hapo. Jumamosi iliyokuwa inakuja, ukoo ungekutana kumaliza matanga. Kwetu siku hiyo mjane anavua nguo za kilio, watu wanakula, na picha ya marehemu inawekwa juu ya kiti mbele ya wote. Anayefika anakisogelea kiti kwanza, anamsalimu marehemu, ndipo anaketi. Lakini yule mzee hakuwa na picha. Picha ya ndoa iliungua na nyumba, na kadi yake ya uchaguzi, yenye picha, iliungua humohumo. Hakuwa mtu wa simu. Mkewe alikuwa ameuliza kwa watu wote waliotoka kijijini kwao kama kuna yeyote aliyempiga picha hata kwa mbali, hata mgongo tu. Hakupata.

"Kiti itakuwa tupu," aliniambia. "Kama ya mutu mwenye alifukuzwa na ndugu yake."

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika studio ndogo ya picha, nikiita wateja barabarani na kukata picha za pasipoti. Kazi kubwa ya studio zetu za Bunia ni montaji. Mtu aliyekufa na buti za shambani anavalishwa suti kwenye kompyuta na kusimamishwa mbele ya ndege. Bibi anawekwa bega kwa bega na mjukuu aliyezaliwa baada yake. Hakuna anayeshangaa, na umeme ukiwepo kazi inakwisha kwa saa moja. Niliposoma habari za wale Wazungu na makasi yao, nilisema moyoni kwamba sisi tunafanya hivyohivyo kila siku, ila wao waliuacha mshono uonekane na sisi tunauficha.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia patroni, mwenye studio, kwamba picha ya mzee haipo, lakini ukoo upo. Tuchukue macho ya mdogo wake, paji la uso la binti, mdomo wa kijana wake wa kwanza, tumjenge. Patroni alipenda wazo hilo. Tuliwaita, tukawapiga picha mmoja mmoja, na akakaa na kompyuta yake nusu siku nzima. Alimvika mzee koti jeusi na tai nyekundu. Kila kipande kilikuwa cha kweli. Mjane alikuja na shemeji yake, yaani huyo mdogo wa marehemu, mwuza mbao, mtu mwenye sauti.

Mjane alisimama mbele ya kioo cha kompyuta muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni papa, mama," patroni akasema. "Angalia muzuri."

"Nilimuangalia miaka makumi mbili na tisa. Huyu akikuya kwa mulango, nitamuuliza anatafuta nani."

"Yaya, iko muzuri!" shemeji akasema. Kwetu mke wa kaka huitwa yaya, dada mkubwa. "Ona, iko na tai."

"Yeye alivaa tai lini?"

"Siku ya ndoa yenu."

"Ile tai ilikuwa ya pasta. Alimurudishia kabla ya kula."

Patroni alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Shemeji hakucheka. Alisema kiti hakiwezi kubaki kitupu, kwamba watu wangesema ukoo ulizika mbuzi, na kwamba yeye atalipia fremu. Mjane akajibu kwamba ni afadhali kiti kitupu kuliko kukalisha mgeni mahali pa mumewe. Walitoka bila kupatana. Ilikuwa siku ya Jumatatu.

Jioni ileile, jua likiwa bado lipo, nilimuuliza mjane mumewe aliacha vitu gani. Alileta mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na mkaba, yaani mkanda wa suruali, wenye matundu mawili yaliyoongezwa kwa msumari, kwa sababu mzee alikonda kambini. Palikuwa na miwani yenye kioo kimoja, na kamba ya kupandia, yenye mafundo, ile ya kunyoosha mistari shambani. Na mwishoni kiganja cha mbegu za maharagwe ambazo mzee alizibeba kutoka nyumbani na kukataa zipikwe hata walipolala njaa.

Nilimfungulia ule ukurasa wa karanga.

"Hii ilipigwa na mashini gani?"

"Haiko mashini, mama. Kitu inalala juu ya karatasi, mwanga inapiga. Pale kitu ililala, panabaki peupe."

Alifikiri. "Basi karatasi inagusana na kitu yenyewe."

"Ndiyo."

"Haiko montaji."

"Haiko."

"Enda uitafute."

Bunia nzima hakuna studio iliyokuwa na karatasi ya namna hiyo. Zote zinatumia mashine za wino. Lakini miaka ya nyuma nilipokuwa nabeba samaki Mahagi-Port, kando ya ziwa, nililala kwenye baraza la mzee mmoja aliyekuwa mpiga picha wa nyeusi na nyeupe. Jumanne alfajiri nilipanda lori. Nilimkuta anashona nyavu za watu wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na sanduku bapa lililofungwa kwa karatasi nyeusi na chupa yenye kitu kilichoganda kama chumvi ya mawe.

"Karatasi iko, kumi za kubwa. Dawa ya kushikisha picha iko, imekuwa jiwe lakini iko. Ile dawa ya kuiamsha picha itokee ndiyo ilikufa zamani. Bila kuiamsha, mutoto yangu, hii ni karatasi ya kufungia samaki."

"Nitabeba vile vile, muzee."

"Kwa kufanya nini?"

"Sijui bado."

Alinitazama kama anayemtazama mtu anayenunua ng'ombe asiye na miguu. "Usiifungue kwa mwanga," akasema. "Hata kidogo."

Jumatano nilirudi juu ya lori la samaki wa chumvi, sanduku tumboni mwangu, ndani ya shati. Nilikuwa nawaza nani Bunia anaweza kuwa na dawa ya kuamsha, na sikumpata hata mmoja akilini. Saa sita mchana tulifika kwenye kizuizi cha barabarani. Askari mmoja aliona tumbo langu lina pembe nne.

"Ndani iko nini?"

"Karatasi za picha, shefu. Ukifungua, mwanga itaziua zote."

"Mwanga inaua karatasi?" Akawaita wenzake. "Mumesikia? Huyu anaogopa jua. Ni mulozi!"

"Haiko ulozi, shefu. Ni kazi ya matanga."

"Ya matanga tena! Fungua."

Nilimwomba kwa Kiswahili, kwa Kilingala, na kwa Kifaransa changu cha kuruka mawe. Alikuwa na bunduki, nikafungua. Akatoa karatasi ya juu, akaishika kwa kidole gumba mbele na vidole vinne nyuma, akaigeuza. Ilikuwa tupu, rangi ya maziwa. Akaanza kunihoji kwa nini mtu atoke ziwani na karatasi isiyoandikwa kitu, na mimi sikuwa namsikia, kwa sababu nilikuwa naiona karatasi inabadilika mkononi mwake. Iligeuka waridi, kisha zambarau, kisha rangi ya ini. Jua la saa sita lilikuwa linaipika. Alipotaka kunirudishia akahamisha gumba lake, na pale lilipokuwa pakabaki gumba lingine, la rangi ya maziwa, na ukucha wake.

"Eh. Eh! Hii ni kidole yangu!"

"Ni yako, shefu."

"Umefanya nini?"

"Ni weye umefanya."

Akacheka kwa nguvu, na baada ya hapo wenzake wote wakataka. Tulipoteza karatasi nne kwa viganja vya wale askari, na ya tano aliishika mmoja akitaka kulaza kofia yake, ndipo nikapiga magoti kwa kweli. Yule wa kwanza akamzuia. Karatasi ya gumba lake aliikunja akaiweka mfukoni, akasema atampelekea mama yake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba bila dawa ya kushikisha lingekuwa jeusi lote kabla ya jioni.

Lori lilipoondoka niliwahi kuzifunga karatasi zilizobaki, zilizokuwa zimekingana ndani ya sanduku. Karatasi ilijiamsha yenyewe. Haikuhitaji chumba cha giza wala ile dawa iliyokufa, ilihitaji jua kali na muda. Ile habari ya mtu aliyewashiwa taa kwa bahati mbaya nilikuwa nimeisoma mara kumi, na kila mara niliona bahati yake tu. Sikuwa nimeona kwamba alirudia, akarudia tena, mpaka akaijua.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Ijumaa kulikuwa na mawingu mpaka saa nne, na kumaliza matanga kulikuwa kesho yake. Tulikaa mlangoni tukitazama juu. Jua lilipotoka nilitandika karatasi ya kwanza uani, juu ya ubao, nikaanza kupanga vitu vya mzee kama nilivyoona kitabuni. Mkaba niliupinda kama nyoka, miwani pembeni, kamba nikaivuta ipite katikati, mbegu nikazitawanya.

Mjane alinitazama.

"Toka."

"Mama?"

"Umemuweka kama duka. Toka."

Nikatoa ile karatasi iliyokwisha kuharibika, nikamwekea nyingine haraka. Alipiga magoti. Mkaba aliufunga kwanza kama unavyofungwa kiunoni, na chuma chake cha kufungia upande wa kushoto, kwa sababu mzee alianzia kuufunga kushoto, akausimamisha wima juu ya karatasi, duara lililo wazi. Miwani aliiweka upande wa juu wa karatasi, mahali pa macho, kwa umbali alioupima kwa shubiri. Kamba hakuivuta. Aliizungusha kati ya kiwiko na kiganja chake, mara nyingi, kama mumewe alivyokuwa akiikunja akitoka shambani, akailaza hivyo ilivyo. Kisha akafumba mbegu mkononi, akaweka ule mkono juu ya karatasi, kando ya mkaba.

"Mukono utoe, mama. Utachoka. Itakuwa kama nusu saa."

"Niko."

"Ukitikisika itaharibika."

"Nimesema niko."

Alikaa pale. Jasho lilimtoka, nzi wakamtembelea, na jirani akaja kuuliza kama anaumwa. Nilipoona weusi umejaa nikamwambia ainuke, na ilibidi nimsaidie kunyoosha magoti. Nikaipeleka karatasi kivulini. Mbegu hazikuonekana, ziliishia ndani ya ngumi. Ngumi yenyewe ilikuwa na kingo zilizolegea, za kutetemeka. Kioo cha miwani kilikuwa kimekusanya jua kikaacha duara jeusi ndani ya duara jeupe, kama mboni.

Nilikuwa nimelivunja lile jiwe la dawa kwa nyundo na kuliyeyusha katika beseni. Nilipoizamisha picha, rangi ikaanza kutoka. Zambarau ikakimbia, kahawia ikapauka.

"Anaenda!" mjane akapiga kelele. "Anaenda tena! Mutoe!"

Akatia mkono ndani ya beseni. Nilimshika kifundo cha mkono, mimi niliyekuwa namwamkia kila asubuhi, nikamzuia kwa nguvu. Nilikuwa naogopa kama yeye. Picha ilipauka mpaka ikafika rangi ya chai nyepesi, na hapo ikasimama. Tulingoja. Ikabaki ilivyo. Tukaiosha kwa maji ya beseni sita, tukaianika chumbani kwa mjane juu ya kitambaa, na alikula chakula chake cha mchana akiwa ameketi karibu nayo.

Jumamosi walisimamisha hema parselini. Ukoo ulifika, na watu wa Bule waliotawanyika mitaani Bunia. Mjane alitoka na picha akaiegemeza kwenye kiti. Muda si muda shemeji akaingia na ile picha ya montaji, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Akasimama.

"Yaya, hii ni nini? Kichwa iko wapi?"

"Pale miwani iko."

"Hii ni mukaba na kamba! Batu batatucheka."

"Bacheke."

"Na huu mukono ni ya nani?"

"Yangu. Iko inashika mbegu yake."

Shemeji alitaka kuisogeza aweke ya kwake. Mjane akaipokea ile fremu mikononi mwake kwa heshima, akaifuta vumbi kwa kitenge. "Hii ni sura yako na ya batoto yangu," alisema. "Iko muzuri. Utaiweka mu nyumba yako, na nikikuya kukutembelea nitaiangalia." Akamrudishia.

Mzee mmoja aliinama karibu na kiti, akauliza kama picha ilianguka majini. Kisha bibi mmoja, jirani wao wa shamba, akasogea, akainama, akanyoosha kidole bila kugusa.

"Huyu na kamba yake! Kila mwaka nilimuambia, usiikunje hivi, itajifunga. Kila mwaka!"

"Na alikuwa anakujibu nini?" mtu akauliza.

"Kwamba niangalie mistari yangu, imepinda kama matumbo."

Wakacheka watu wa Bule. Mwingine akasema mistari ya yule bibi ilikuwa imepinda kweli. Wakaanza kubishana kuhusu mpaka wa shamba fulani, nani aliupima, kwa kamba ya nani, na kila aliyetaka kuthibitisha neno lake alienda kwenye kiti na kuonyesha. Mjane alikuwa bado amesimama. Ndipo akaketi.

Shemeji aliiegemeza fremu yake ukutani, uso ukiangalia ukuta. Baadaye alikuja akasimama kando yangu. Aliitazama picha sana.

"Jua haiwezi kumufuta?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nilimwambia ukweli. Dawa ilikuwa ya kale, karatasi ilikuwa ya kale, na mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza. Inaweza kukaa miaka mingi, inaweza kugeuka nyeusi. Sikujua.

Alitazama ukingo wa hema, pale mwanga ulipokuwa umeanza kutambaa kuelekea miguu ya kiti. Akawaambia waliokuwa wanabishana wampishe. Akakiinua kiti taratibu na picha yake, akakishikilia mbele ya kifua kama mtu anayebeba maji, akakipeleka upande wa kivuli.